Unaenda Bishkek kwa mara ya kwanza? Panga hivi

Watu wengi wanaoenda Kyrgyzstan wanaichukulia Bishkek kama pa kulala tu, unashuka na ndege alfajiri, unapumzika, kesho yake mbio ziwani au milimani na mji hujauona. Mi nasema usipange hivyo. Ipe Bishkek siku tatu kamili kabla hujatoka nje, kwa sababu ni hapo utakapojifunza kusoma vibao, kununua sokoni, kupanda basi, kuagiza chakula na kusalimia watu, na ukishayaweza hayo, huko kwingine kote nchini unatembea mwenyewe. Ukiruka hiyo hatua kila sehemu utakuwa unamlipa mtu wa kukupeleka, na hela inaisha kabla hujaona kitu.

Kwanza ujue unaenda wapi. Kyrgyzstan ilikuwa jamhuri ndani ya Muungano wa Kisovieti mpaka ilipojitangazia uhuru tarehe 31 Agosti 1991, haina bahari, imezungukwa na Kazakhstan, Uzbekistan, Tajikistan na China, na sehemu kubwa ya nchi ni milima. Bishkek ilianza kama ngome ya watawala wa ufalme wa Kokand iliyojengwa 1825, baadae Warusi wakaiteka wakajenga mji wa mitaa iliyonyooka, halafu 1926 ukapewa jina la Frunze, yule kamanda wa jeshi jekundu Mikhail Frunze aliyezaliwa hapo hapo, jina likakaa hadi 1991. Ndo maana kwa miaka mingi zile herufi tatu za uwanja wa ndege kwenye tiketi zilikuwa FRU, ukikutana nazo kwenye maelezo ya zamani usishtuke, ni huko huko.

Na usiende ukitegemea yale majumba ya vigae vya bluu unayoyaona kwenye picha za Asia ya Kati, hayo mengi yako Samarkand na Bukhara, Uzbekistan. Wakirgizi walikuwa wafugaji wa kuhamahama, hawakujenga sana majumba ya mawe. Uzuri wa Bishkek ni miti, bustani, masoko, majengo makubwa ya zege ya enzi za Kisovieti, na ile safu ya milima yenye theluji unayoiona ukiangalia kusini siku hewa ikiwa safi. Ni mji wa kutembea kwa miguu taratibu. Ukiujia na orodha ya vivutio vya kutiki utaumaliza saa sita mchana na utasema hauna kitu.

Chagua mwezi kabla ya kitu chochote

Hapa ndo pa kufikiria sana maana mji huu unabadilika kabisa kulingana na msimu. Mi nakushauri Mei hadi Juni, au Septemba mpaka katikati ya Oktoba. Hali ya hewa inakuwa ya kutembea, matunda yapo, na Oktoba majani ya miti yanageuka njano mji mzima. Julai na Agosti ni joto kweli, mchana linapita digrii 35 mara nyingi na ni joto kavu, siyo la pwani, utakunywa maji mpaka uchoke. Lakini kama unataka kulala kwenye yurta, yale mahema ya duara ya wafugaji, kule juu kwenye ziwa la milimani la Song-Kul, basi huna budi kwenda kati ya Juni na mapema Septemba, maana wafugaji wanapanda na mifugo Juni na kushuka baridi ikianza.

Baridi kali, Desemba mpaka Februari, kama ni safari ya kwanza achana nayo. Siyo kwa sababu ya theluji, theluji unavaa koti unaizoea, shida ni moshi. Nyumba nyingi za pembezoni zinawasha makaa ya mawe, mji umekaa chini ya milima moshi unaganda pale pale, na kuna siku Bishkek inatajwa kati ya miji yenye hewa chafu kuliko yote duniani. Mwenye pumu au anayesafiri na mtoto mdogo asiende miezi hiyo.

Kingine ambacho hakiandikwi sana. Maji ya moto kwenye maghorofa mengi yanatoka kwenye kiwanda kimoja kikubwa cha umeme na joto kupitia mabomba ya zamani, na kila mwaka joto likianza wanayafunga kwa wiki kadhaa ili wakarabati, mara nyingi kuanzia Mei. Ukikodi fleti kipindi hicho muulize mwenye nyumba kabla hujalipa, je kuna hita ya maji ndani? Swali dogo lakini maji ya pale yanatoka milimani, yakiwa ya baridi ni ya baridi haswa.

Viza halafu tiketi, usigeuze

Kama una pasipoti ya Uingereza, Marekani, nchi nyingi za Umoja wa Ulaya au ya baadhi ya nchi za Ghuba unaingia bila viza kwa ziara fupi, ndugu zetu wa huko mmerahisishiwa. Kwa pasipoti zetu za Afrika Mashariki unaomba viza ya mtandaoni kwenye tovuti ya serikali yao, evisa.e-gov.kg. Andika hiyo anwani mwenyewe, usipitie matangazo, maana kuna tovuti kibao za mawakala zimevaa sura ya serikali na bei ni mara mbili tatu. Ukichagua uraia wako pale ndo inakuonyesha unatakiwa nini. Kuna pasipoti zinadaiwa barua ya mwaliko kutoka kampuni ya utalii iliyosajiliwa kule, kama yako ni mojawapo, tafuta kampuni inayofanya safari kweli, andikiana nao, waombe barua na uwaulize bei kabla, wao wamezoea.

Omba angalau mwezi na nusu kabla. Tiketi isiyorudishiwa hela usiinunue viza haijatoka. Na viza ya mtandaoni inakubalika kwenye mipaka maalum tu, uwanja wa Manas wa Bishkek upo kwenye orodha lakini siyo kila mpaka wa barabara upo, kwa hiyo kama unapanga kuunganisha na mji wa Almaty, Kazakhstan, kwa gari soma orodha ya mipaka vizuri. Ukifika muulize mwenye gesti kama uraia wako unatakiwa kusajiliwa polisi ndani ya siku chache, baadhi ya nchi zinadaiwa na baadhi hazidaiwi, gesti nyingi zinakusaidia.

Ndege zinazoeleweka kutoka kwetu ni mbili, Turkish Airlines kupitia Istanbul na flydubai kupitia Dubai. Sasa hapa makini, Istanbul ina viwanja viwili. Pegasus wana bei nzuri za Bishkek ila wanaruka kutoka Sabiha Gökçen, upande wa Asia, wakati Turkish inayokutoa Dar au Nairobi inatua uwanja mkubwa upande wa Ulaya. Ukiunganisha hizo mbili kwa tiketi tofauti maana yake unatakiwa utoke nje uvuke mji mzima na mabegi, na kutoka nje unahitaji viza ya Uturuki. Tiketi moja, kampuni moja, begi linaenda mpaka mwisho, hiyo ndo amani ya moyo hata kama imezidi dola hamsini au mia.

Jifunze herufi

Kama kuna kitu kimoja utafanya kwenye huu mwongozo basi kiwe hiki. Kirgizi na Kirusi zote mbili zinaandikwa kwa herufi za Kisirili, na vibao vingi, menyu za migahawa ya kawaida, majina ya vituo na dawa vimeandikwa hivyo hivyo. Wiki mbili za nusu saa kila jioni zinatosha. Zile zinazofanana na zetu kwa sura na sauti, А, К, М, О, Т, hazina shida, zinazochanganya ni zile zenye sura ya kwetu na sauti nyingine, В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u, na Х ni kh ile ya kheri, ambayo wengi wetu tunaitamka bila tabu. Ukizijua hizo unasoma РЕСТОРАН unapata restoran, БАНК unapata bank, АПТЕКА ni apteka yaani duka la dawa, КАССА ni pa kulipia. Maneno mengi sana utagundua unayajua tayari. Kirgizi wameongeza herufi tatu zao, ң, ө na ү, ukiziona jua hapo siyo Kirusi.

Bishkek watu wengi wanaongea Kirusi na Kirgizi, Kiingereza utakipata kwa vijana na kwenye kahawa za katikati ya mji. Pakua Kirusi kwenye apu ya kutafsiri uwe nacho bila intaneti. Lakini salamu itoe kwa Kirgizi, ni "salamatsyzby", na asante ni "rakhmat", utaona sura ya mtu inavyobadilika. Bei unauliza "kancha turat". Na hawa ni watu wa kuheshimu umri kama sisi, mwanaume aliyekuzidi muite "baike", mwanamke aliyekuzidi "eje", mama mtu mzima "apa". Muuzaji wa sokoni ukimuita eje unahudumiwa vingine kabisa.

Hela

Wanatumia som. Miaka ya karibuni dola moja imekuwa ikizunguka som 85 hadi 90, angalia siku unayoenda. Beba dola mpya safi, zisizo na mikunjo wala maandishi, chakavu wanakata au wanakataa. Uwanjani badilisha kidogo tu ya teksi na laini, nyingine kabadilishe mjini, makutano ya mitaa ya Moskovskaya na Sovietskaya yamejaa maduka ya kubadilisha fedha yamepangana, vibao vya bei viko nje, unatembea unalinganisha. Kadi za Visa na Mastercard zinapita supamaketi na migahawa ya kati lakini sokoni na kwenye vibasi ni keshi. Wenyeji wanalipana sana kwa kuskani QR kwa simu, ila ile inataka akaunti ya benki ya pale, usiitegemee.

Kwa makadirio tu, kitanda cha hosteli ni kama dola 8 hadi 15 kwa usiku, sahani kubwa ya laghman na chai haifiki dola 5 kwenye mgahawa wa kawaida, na teksi ya apu kutoka uwanjani mpaka katikati mara nyingi iko chini ya dola 10. Kwa mtu aliyezoea bei za Nairobi au Dar, gharama kubwa ya hii safari ni ndege. Ukishatua unapumua.

Kutoka uwanjani na kuzunguka

Manas iko kama kilomita 25 kaskazini magharibi mwa mji, na ndege nyingi zinafika usiku wa manane au alfajiri. Madereva watakufuata mpaka ndani wakitaja bei, wapite kwa heshima tu. Nunua laini hapo hapo, kampuni ni O!, Beeline na Mega, wanataka pasipoti, bando ni bei ndogo, halafu ita gari kwa Yandex Go na unaona bei kabla ya kupanda. Saa zao ziko mbele yetu masaa matatu. Chaja, soketi zao ni za pini mbili za duara za Ulaya, za kwetu za pini tatu bapa haziingii, beba adapta.

Pakua 2GIS na ramani ya Bishkek kabla hujaondoka nyumbani, inafanya kazi bila intaneti, inajua milango ya majengo na namba za mabasi kuliko ramani zingine zote. Ila jua kwamba mitaa mingi ina majina mawili, la zamani la Kisovieti na jipya, na wenyeji wanatumia la zamani. Sehemu ya Sovietskaya kwenye ramani ni Abdrakhmanov, dereva ukimtajia jina jipya anaweza kukaa kimya akifikiria. Yajue yote mawili ya mtaa unaolala. Usafiri wa ndani ni mabasi makubwa, na vile vibasi vidogo vinavyoitwa marshrutka ambavyo mji umekuwa ukivipunguza na kuweka mabasi mapya.

Usiku angalia chini unapotembea. Pembeni mwa mitaa mingi kuna mitaro ya wazi inayopitisha maji ya kumwagilia miti, hiyo ndo siri ya ule ukijani wote kwenye nchi kavu vile, lakini haina mfuniko na taa za barabarani sehemu nyingine ni hafifu. Washa tochi ya simu.

Siku tatu zenyewe

Tafuta pa kulala ndani ya pembe nne ya mitaa ya Chuy, Manas, Moskovskaya na Sovietskaya, au karibu na hapo, unafika karibu kila kitu kwa miguu.

Siku ya kwanza tembea tu. Anzia uwanja wa Ala-Too, uliojengwa 1984, katikati kuna sanamu ya Manas juu ya farasi, shujaa wa utenzi mkubwa wa Wakirgizi ambao manaschi, wasimulizi wake, wanauimba kwa kichwa mistari maelfu kwa maelfu bila kusoma popote, na kwa mtu aliyekulia kwenye tenzi zetu nadhani hilo litamgusa. Bendera inayopepea pale iliguswa mwishoni mwa 2023, miale ya jua iliyokuwa imepinda ikanyooshwa, ndo maana fulana na zawadi za zamani zina bendera tofauti kidogo. Nyuma ya uwanja kuna jumba la makumbusho ya historia, lilikuwa makumbusho ya Lenin, mwanzilishi wa dola ya Kisovieti, na nyuma yake kabisa utamkuta Lenin mwenyewe, sanamu yake. Alikuwa mbele uwanjani mpaka 2003 wakamhamishia huko nyuma, hawakumvunja, na mi hiyo naiona inasema mengi kuhusu namna watu hawa wanavyoishi na historia yao. Kutoka hapo ingia bustani ya mialoni, kisha shuka barabara ya Erkindik, ni kama msitu mrefu mwembamba katikati ya mji, kaa kwenye benchi, angalia watu. Jioni kama ni msimu, nenda jumba la opera na baleti, jengo la 1955 lenye nguzo, tiketi ni za bei ambayo kwingine duniani huipati, ila wakati wa kiangazi wanafunga.

Siku ya pili ni sokoni, na mi ningeipa siku nzima. Osh Bazaar iko upande wa magharibi, nenda asubuhi. Kuna upande wa matunda makavu, aprikoti, zabibu, lozi, karanga, wanakuonjesha, onja bila haraka halafu ununue hata robo kilo. Kuna upande wa mikate ya duara iliyopigwa mihuri katikati, viungo, jibini ndogo ngumu za chumvi za mviringo zinaitwa kurut, kofia nyeupe za manyoya ya kukandamizwa za wazee, kalpak. Simu weka mfuko wa mbele, wezi wa mfukoni wapo, na akitokea mtu anakwambia yeye polisi wa kiraia anataka kuangalia pochi yako usimpe, mwambie twende kituoni. Kama una nguvu bado, mchana panda basi uende Dordoi kaskazini mwa mji, soko la makontena ya meli yamepangwa ghorofa mbili, mitaa na mitaa ya makontena, chini wanauza juu stoo. Bidhaa za China zinapita hapo kwenda Urusi, Kazakhstan na Uzbekistan. Mtu wa biashara ambaye ameshafika Guangzhou ataelewa mara moja anachokiona.

Siku ya tatu nenda Ata-Beyit asubuhi, ni kusini mwa mji kijiji cha Chon-Tash, teksi inakungoja. Mwaka 1938 utawala wa Stalin uliua kwa risasi zaidi ya watu 130, viongozi, walimu, waandishi, ukawazika kwa siri kwenye tanuru la matofali. Mlinzi wa eneo lile alijua, akaja kumwambia binti yake siri hiyo, na 1991 mifupa ikafukuliwa. Mmoja wao alikuwa Torokul Aitmatov, baba wa mwandishi mkubwa Chinghiz Aitmatov, ambaye yeye mwenyewe alizikwa pale 2008 karibu na baba aliyempoteza akiwa mtoto. Waliouawa kwenye mapinduzi ya 2010 nao wako pale. Nenda kimya, vaa kwa heshima. Bila kupaona hapo mji unaouona ni majengo tu.

Mchana wa siku hiyo pumzika, na kama ni Muislamu kaswali kwenye msikiti wa Imam Sarakhsi, mkubwa sana, ulifunguliwa 2018 kwa msaada wa Uturuki, unaingiza maelfu.

Kula

Nchi ni ya Waislamu wengi, kwa hiyo nyama halali ni rahisi kuipata, lakini nguruwe na pombe vinauzwa wazi, uliza. Ng'ombe ni govyadina, kondoo ni baranina, kuku kuritsa, nguruwe svinina, na farasi konina. Farasi wanaliwa sana na kwa heshima kubwa, besh barmak ya sherehe, tambi na nyama, mara nyingi ndo nyama yake, kama hutaki sema mapema kabla sahani haijaletwa. Anza na laghman, tambi ndefu za kuvutwa kwa mkono na mchuzi wa nyama na pilipili hoho. Halafu manty, madonge ya unga ya mvuke yenye nyama na vitunguu ndani. Samsa, sambusa ya tanuri, ile ya moto inayotoka ukutani mwa tanuru, usiile ikiwa imepoa. Plov mtu wa pwani akiionja atajua yuko nyumbani kwa jirani, wali, nyama, karoti nyingi na mafuta, isipokuwa viungo ni vichache. Chai inakuja kwenye bakuli dogo lisilo na mkono na wanakujazia nusu nusu, usidhani wanabana, ndo ukarimu wenyewe, wanataka waendelee kukujazia.

Wakati wa joto mitaani utaona wanawake wamekaa na mapipa wakiuza maksym, kinywaji cha nafaka kilichochachushwa kidogo, na chalap ya maziwa mgando na chumvi. Jaribu maksym kwanza. Kymyz, maziwa ya farasi jike yaliyochacha, yana ukali na kilevi kidogo sana, tumbo jipya liyapokee kwa funda chache. Mkate usiuweke kichwa chini mezani, na ukialikwa nyumbani vua viatu mlangoni na usiende mikono mitupu, hata peremende na matunda yanatosha.

Ukishaumaliza mji

Sasa toka. Ala Archa ndo ya kwanza, hifadhi ya taifa kama kilomita 40 kusini. Chukua teksi, ila jua kutoka getini mpaka mwanzo wa njia bado kuna kilomita zaidi ya kumi, na panga kabisa usafiri wa kurudi, mtandao kule ni wa kubahatisha. Njia ya bondeni ni rahisi hata kwa mzee, ya maporomoko ya Ak-Sai inapanda kweli kweli. Unaanzia kwenye mita 2,100 hivi, anayetoka usawa wa bahari atahema, apande pole pole na arudi kabla ya saa tisa alasiri maana mvua za milimani hazibishi hodi.

Upande wa mashariki, kama kilomita 80, karibu na Tokmok, kuna mnara wa Burana, wa karne ya 11, ndo uliobaki wa mji wa Balasagun. Ulikuwa kama mita 45, tetemeko likauangusha juu, sasa hivi ni kama 25. Ndani ngazi ni nyembamba na giza. Pale nje kuna mawe ya kale yaliyochongwa sura za watu yamesimama kwenye nyasi. Unaweza kuunganisha na safari ya Issyk-Kul, ziwa la urefu wa kilomita 182 kwenye mita 1,607 ambalo haligandi hata baridi kali. Magari ya kuchangia yanaondokea kituo cha magharibi, yanajaa ndo yanaondoka, unalipa siti. Song-Kul ni mita 3,016, usiende moja kwa moja siku ya kwanza ya safari, na hata Agosti beba sweta zito na soksi, usiku unashuka karibu na kuganda.

Usalama, hasa kwa mtu mweusi

Nitasema ukweli. Utaangaliwa sana. Watoto watakufuata, watu wataomba picha, wengine hawajawahi kukutana na Mwafrika ana kwa ana, na mara nyingi ni udadisi wa kawaida, ukitabasamu na kusema salamatsyzby mambo yanakuwa mazuri, utaalikwa chai. Lakini pia usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Mei 2024 makundi ya watu yalivamia hosteli za wanafunzi wa kigeni Bishkek, wengi wa Pakistan na nchi jirani zake, wakapigwa. Haikuwa hali ya kila siku, ila jambo hilo lilitokea na mtu anayepanga safari anatakiwa alijue. Kwa hiyo usiku sana tumia teksi ya apu hata kama ni karibu, epuka vilabu vya pombe na vikundi vya walevi, fuatilia habari za mji wiki ya kwenda, na ukiona mkusanyiko wa kisiasa uwanjani geuza njia, hii nchi imeangusha serikali 2005, 2010 na 2020 na yote ilianzia kwenye mikusanyiko. Beba nakala ya pasipoti mfukoni na picha yake kwenye simu, polisi ni 102, gari la wagonjwa 103. Kabla ya kuondoka ulizia wizara ya mambo ya nje ubalozi upi wa nchi yako unahudumia Kyrgyzstan na uandike namba zake kwenye karatasi.

Bima chukua, na hakikisha inataja kupanda milima, nyingi za bei rahisi haziigusi. Kadi ya manjano nayo usiiache, unaweza kuihitaji kurudi.

Zawadi ukitaka kitu cha maana nunua shyrdak, mazulia ya sufu iliyokandamizwa yenye mapambo ya pembe za kondoo, UNESCO iliyaweka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ghorofa ya juu ya duka la TSUM wapo, Osh Bazaar wapo pia. La mkono geuza nyuma uangalie, vipande vimekatwa na kushonwa kwa uzi mnene na mshono unaonekana pande zote, sufu ni nzito na inanukia kondoo kidogo. La mashine ni jepesi na nyuma ni laini tupu. Madogo ya kukalia kiti yanaingia begini vizuri, kubwa mwambie akukunjie akufunge kamba, na kilo zake zihesabu kwenye begi kabla hujafika uwanjani. Som zilizobaki zigeuze dola mjini siku moja kabla ya kuondoka, ukishavuka nazo huku kwetu hakuna atakayezipokea.